Kuitika si Kujibu

Swali ninaloliuliza katika insha hii linaonekana kuwa la madaktari, lakini naamini ni la kila mtu: nani ana haki ya kumwambia mzazi kwamba mwanawe ana usonji, na haki hiyo anaipata wapi?

Malaria ina kipimo. Tone la damu ya kidole, dakika 15 za kusubiri, mstari mmoja au miwili, na yeyote aliyefundishwa kukisoma kile kipimo atasoma jambo lile lile, awe Palma au Lisbon. Usonji hauna kipimo cha namna hiyo. Hakuna damu inayouonyesha wala picha ya ubongo inayouthibitisha. Kuna watu wanaokaa na mtoto wakamtazama, wakamsikiliza mama yake, kisha wakajadiliana na kukubaliana. Neno linalotoka hapo ni hukumu, kwa maana ya uamuzi wa watu waliopima ushahidi. Kipimo kikikosea tunalaumu kiwanda. Hukumu ikikosea, kuna watu wa kuulizwa walisikiliza nini na wakaacha nini.

Mimi ni mtu wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, upande wa Palma. Mwaka 2022 nilikuwa mkalimani mjini Pemba wa timu moja ya afya iliyowahudumia watu waliokimbia vita. Kwetu mtu mmoja aweza kuzungumza Kimakwe na bibi yake, Kimwani sokoni, Kimakonde na jirani, Kiswahili na wafanyabiashara wanaovuka Ruvuma, na Kireno darasani tu. Karatasi za hospitali zote ni za Kireno. Kwa hiyo kati ya mama na daktari daima kuna mtu wa tatu, na mara nyingi mtu huyo hatajwi popote kwenye faili.

Tuanze na pale penye vifaa vyote. Usonji ulielezwa kwa jina hilo mwaka 1943, pale Leo Kanner, daktari wa watoto wenye matatizo ya akili huko Baltimore, alipoandika juu ya watoto 11. Mwaka uliofuata Hans Asperger aliandika mambo yanayofanana na hayo huko Vienna. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani uliotoka mwaka 2013 unataka dalili za pande mbili: shida katika mawasiliano na mahusiano na watu, na tabia za kujirudiarudia au kushikilia jambo moja, zote zikiwa zimeanza utotoni. Ili kuziona dalili hizo, timu hutumia mazoezi yaliyopangwa. Linalojulikana zaidi ni ADOS, lililotungwa na Catherine Lord na wenzake na kuchapishwa mwaka 1989. Mtaalamu anacheza na mtoto kwa utaratibu maalumu, anatoa alama, na alama zinajumlishwa.

Mtu akisikia habari za alama atadhani kipimo kimepatikana. Hapana. Wanaolitumia zoezi hilo wanafundishwa kwamba alama pekee hazitoshi. Lazima ziwekwe pamoja na historia ya mtoto na maoni ya wote waliomwona. Wanasosholojia wawili wa Marekani, Douglas Maynard na Jason Turowetz, walirekodi kazi ya kliniki za aina hii na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 2022. Walichoonyesha ni rahisi kueleza lakini kizito. Katika chumba kuna watu wawili, mtoto na mtaalamu, na kila anachofanya mtoto ni jibu kwa alichofanya mtaalamu. Lakini ripoti ikiandikwa, mtaalamu hutoweka. Inabaki: mtoto hakufanya hivi, mtoto alishindwa vile. Mara nyingine mtoto alijibu kwa akili yake mwenyewe, tena kwa mantiki, ila hakujibu lile lililotarajiwa.

Basi kama hali ni hiyo mahali ambapo mtaalamu na mtoto wanazungumza lugha moja, tufikirie kwetu.

Sehemu moja ya ADOS kwa watoto wadogo ni sherehe ya siku ya kuzaliwa ya mwanasesere. Kuna keki ya kuigiza na mishumaa, na mtoto anatazamwa kama atajiunga na mchezo, kama atamlisha mwanasesere, kama atapuliza mshumaa. Pwani yetu tunajua arobaini ya mtoto, tunajua jando, tunajua maulidi. Mtoto wa kijiji cha wavuvi asiyepuliza mshumaa hajaonyesha chochote isipokuwa kwamba hajaona keki. Mpe kinu kidogo na kipande cha mti, au kifuu cha nazi cha kupikia mchanga, halafu ndiyo useme kama anajua kuigiza.

Au macho. Dalili inayotajwa kwanza ni kutomtazama mtu usoni. Lakini mtoto wetu aliyelelewa vizuri huinamisha macho mbele ya mkubwa. Asiyeinamisha ndiye anayegombezwa. Au kidole. Wataalamu wanauliza kama mtoto anaonyesha kwa kidole kitu kinachompendeza, na kwetu kumnyooshea mtu kidole ni utovu wa adabu. Hapa lakini nataka niwe mwangalifu, kwa sababu hoja ya utamaduni hutumiwa vibaya pia. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu bado hajafundishwa adabu. Ataonyesha mwezi, ataonyesha mbuzi, ataonyesha kikombe, na mama atacheka. Asipoonyesha chochote kabisa katika umri huo, utamaduni hautoshi kuwa sababu. Wanaosema usonji ni jambo la Wazungu wanasahau kwamba Victor Lotter alichapisha utafiti wake juu ya watoto wenye usonji katika miji ya Afrika mwaka 1978, na kwamba kila mtaa una kumbukumbu ya mtoto mmoja wa namna hiyo, aliyepewa jina jingine.

Nitaeleza kisa kimoja, bila majina. Aliletwa mvulana wa miaka minne na mama yake, wakiwa pamoja na shangazi wa mtoto. Walitoka kijiji cha karibu na Palma, wakakimbia Machi 2021 mji uliposhambuliwa, wakapita porini siku kadhaa kabla ya kufika Pemba. Timu ilikuwa na muuguzi, mwanasaikolojia aliyekuja kwa muda, na tabibu wa afya ya akili wa kada ya kati. Matabibu wa kada hii ndio uti wa mgongo wa huduma hiyo nchini kwetu. Msumbiji ilianza kuwafundisha mwaka 1996 kwa sababu madaktari bingwa wa akili ni wachache mno. Wa nne nilikuwa mimi.

Mama alisema: "Namwita, haitiki."

Katika Kiswahili kuitika si kujibu. Kujibu ni kwa swali. Kuitika ni kwa wito: unaitwa, unasema abee au naam, na hata kabla ya kusema lolote umeshageuka. Mtoto asiyejibu huenda hajui jibu. Mtoto asiyeitika ni jambo jingine kabisa, na ni mojawapo ya mambo ya kwanza ambayo timu yoyote duniani inataka kuyajua. Kireno cha hospitalini kinatumia neno moja, responder, kwa yote mawili. Nililitamka, nikaongeza maelezo, na tabibu akafuta alichokuwa ameanza kuandika. Siutaji uangalifu wangu kwa kujisifu. Ndiyo kazi niliyolipwa kuifanya. Nauliza tu ni mafaili mangapi yameandikwa siku ambazo mkalimani alikuwa mlinzi wa lango aliyeitwa ndani kwa haraka.

Kisha mwanasaikolojia akajaribu mwenyewe. Akamwita mtoto kwa jina lililo kwenye kadi ya afya, mara tatu, nyuma ya mgongo wake. Mtoto hakugeuka. Shangazi akacheka: "Hata mimi jina hilo silijui." Lilikuwa jina la kuandikishwa. Nyumbani tangu kuzaliwa aliitwa Babu, kwa sababu amerithi jina la babu yake. Mama akaita, "Babu! Babu we!" Mtoto hakugeuka pia. Lakini shangazi alipokunjua karatasi ya biskuti kule nyuma, taratibu kabisa, akageuka mara moja.

Hapa ndipo penye swali la kifalsafa hasa. Majaribio yote mawili yalitoa jibu lile lile: mtoto haitiki jina lake. Jaribio la kwanza lilisema kweli, lakini halikuwa na haki ya kuisema. Mtu anaweza kubahatisha ukweli, kama anayetaja saa sahihi kwa kutazama saa iliyosimama. Kwa mtu anayetafuta matokeo tu, tofauti haipo. Kwangu mimi tofauti ni kubwa, kwa sababu mama alikuwa akitazama. Aliona watu wakimwita mwanawe kwa jina lisilo lake na kuandika kwamba ana kasoro. Kama wangeishia hapo, angekuwa na kila sababu ya kutoamini hata neno moja lililofuata, na asingekosea.

Baada ya hapo walirudi nyuma kuitafuta historia, na kwetu historia ya mtoto haihesabiwi kwa miezi. Alizaliwa baada ya shambulio la kwanza la Mocímboa da Praia, yaani baada ya Oktoba 2017. Alikuwa akitambaa wakati wa kimbunga Kenneth, Aprili 2019. Mama alikumbuka kwamba alimfunga mgongoni kwa kapulana kwa sababu angetambaa kuingia majini. Alikuwa na maneno matatu. Masika iliyofuata akapata malaria kali yenye degedege, na baada yake maneno yakapotea. Kisha vita. Shangazi alikubali yote isipokuwa mpangilio. Yeye alisema hata kabla ya malaria mtoto alikuwa akipanga simbi kwenye mkeka, mstari mmoja mrefu, na ukisogeza simbi moja atalia mpaka jua lizame.

Kwa hiyo mezani palikuwa na majibu matatu, na kila mtaalamu alikuwa na lake. Muuguzi alisema ni malaria. Mwanasaikolojia alisema ni vita. Alikuwa ameona watoto wengi waliopoteza sauti. Tabibu alisema ni usonji.

Malaria na usonji si wapinzani. Usonji unatajwa kwa namna mtoto anavyokuwa, hautajwi kwa kilichousababisha. Utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2006 kuhusu watoto wa Tanzania ulieleza baadhi yao walioanza kuonyesha dalili baada ya malaria kali. Mtoto aweza kuwa na vyote viwili, kimoja kikiwa mlango wa kingine. Lakini vita ni habari nyingine. Michael Rutter na wenzake, walipowafuatilia watoto waliotolewa katika vituo vya yatima vya Romania, waliandika mwaka 1999 juu ya watoto walioonekana kuwa na usonji kwa sababu ya kunyimwa malezi, na kwa wengi wao dalili zilipungua walipopata familia. Mtoto aliyenyamazishwa na hofu anaweza kurudi. Ukimpa jina la usonji, watu wataacha kumngoja.

Kilichoisogeza timu hakikuwa kifaa. Mwanasaikolojia alikuwa akieleza, kwa haki kabisa, kwamba watoto wa pwani hawatazami wakubwa machoni, kwa hiyo jambo la macho liachwe. Nikamtafsiria mama, maana mazungumzo juu ya mtoto wake ni yake pia. Akasema:

"Wenzake wakiona mkubwa wanainamisha macho. Wanainamisha kwa sababu wamekuona. Huyu wangu hainamishi. Anakupita kama wewe mti."

Mwanasaikolojia aliniomba nirudie, akaiandika sentensi yote kama ilivyo. Sijasoma maelezo ya dalili hiyo yaliyo bora kuliko hayo katika kitabu chochote. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na tumezoea kuichukua methali hiyo kama habari ya huruma. Mimi naisoma kama habari ya maarifa. Mama huyu alikuwa ametazama watoto wa kijiji kizima kwa miaka, akalinganisha, akaona tofauti ndani ya kitu ambacho wageni walidhani ni adabu tu. Hiyo ni kazi ya mtafiti. Mara nyingi katika chumba cha uchunguzi mama huwekwa kwenye kiti cha shahidi: aulizwe, ajibu, anyamaze. Nadhani mahali pake ni miongoni mwa wanaoamua.

Waliandika: usonji, inaelekea, masikio yapimwe, aangaliwe tena baada ya miezi 6. Ndipo yakaja mabishano ambayo ndiyo hasa yaliyonifanya niandike insha hii. Je, aambiwe?

Mmoja wao alipinga. Alisema hapa hakuna shule maalumu, hakuna mtaalamu wa kufundisha usemi, familia iko kambini, baba hayupo. Kumpa mama jina lisilo na huduma ni kumfunga jiwe shingoni. Si hoja ya kupuuzwa. Majina ya namna hii yana historia chafu. Mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alionyesha kwa nyaraka kwamba Asperger mwenyewe, chini ya utawala wa Wanazi, alishiriki kuwapeleka baadhi ya watoto katika kituo cha Am Spiegelgrund, ambako mamia ya watoto waliuawa. Kalamu iliyoeleza akili za watoto fulani kwa upendo ndiyo iliyowatenga wengine. Anayesema jina haliumizi hajasoma.

Na kuna hoja kali zaidi ambayo mpingaji hakuitaja. Mama alikuwa ameshapewa jina, tena mapema: jini. Mwalimu alikuwa amemwandikia kombe akanywa mtoto, mbuzi wawili walikuwa wameuzwa. Utafiti wa Joseph Gona na wenzake katika pwani ya Kenya, uliochapishwa 2015, ulikuta wazazi wakitaja mashetani, uchawi na laana, sambamba na maradhi na matatizo ya uzazi. Sasa linganisha majina mawili. Jini hutoka, usonji hautoki. Mganga hukaa na ukoo mzima usiku kucha, akawapa wote kazi ya kufanya; timu ilikaa dakika 40 na watu wawili. Kwa upande wa tumaini na ujirani, jina la mganga linashinda, na mtu wa hospitali asiyekiri hilo hatasikilizwa.

Hata hivyo nasimama upande wa kusema. Jini lisipotoka, ukoo huanza kutafuta aliyeliingiza, na mara nyingi humpata mama. Mama mkwe wa mwanamke huyu alikuwa ameshasema kwamba alipokuwa mjamzito alipita mahali pabaya saa ya magharibi. Jina la hospitali, hata bila shule na bila dawa, lingeweza kumtoa mama kizimbani. Pili, gharama ya kukosea si sawa pande zote. Mambo anayohitaji mtoto huyu ili asaidiwe, kuchezewa, kusemeshwa kwa maneno machache, kuwa na siku isiyobadilikabadilika, kutofungwa kamba, yanamfaa mtoto mwenye usonji na yanamfaa pia mtoto aliyenyamazishwa na vita. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 kwa wahudumu wasio mabingwa unawaruhusu kuanza kazi hiyo. Nilisema kamba, na ni kweli: alifungwa kiunoni wakati mama akienda kutafuta maji, asije akaingia baharini. Ilikuwa kamba ya mapenzi. Lakini hakuna aliyeweza kuzungumza naye juu yake bila kwanza kumwambia kwa nini mtoto haoni hatari.

Tatu, na hii kwangu ndiyo nzito: uamuzi ule ulijengwa kwa maneno yake. Kumsikiliza mama saa nzima, kuandika sentensi yake neno kwa neno, kisha kumficha ilikofikia, ni sawa na kuchukua samaki wa mtu kwenda kumuuzia, ukala na fedha.

Tabibu alikubali kusema, akaniachia lugha. Neno usonji limezoeleka ng'ambo ya Ruvuma. Mama hakuwahi kulisikia. Nilimtajia, kisha nikasema maana yake kama tulivyokubaliana: mtoto anasikia, lakini wito haumfikii kama unavyowafikia wengine, hakuna aliyemfanyia, huenda ni hivyo, na huenda vita pia vimeongeza, ndiyo maana wanataka kumwona tena. Aliuliza kama usonji unapanda kwa mtoto mwingine akibeba mimba. Aliuliza kama karatasi itaandikwa neno jini. Nikamwambia halimo.

Wapo wanafunzi wenzangu wanaosema kwamba neno "inaelekea" ni ujanja wa wataalamu, njia ya kuhukumu bila kuwajibika. Siwakubalii, kwa sababu siku ile lilikuwa ukweli wenyewe: timu haikuwa na hakika, na kudai hakika kungekuwa uongo. Lakini neno hilo lina sharti. Linamaanisha kitu pale tu panapokuwa na mtu wa kurudi kulithibitisha au kulifuta. Miezi sita ilipotimia timu ilikuwa imehamia wilaya nyingine, na familia ilikuwa njiani kurudi Palma pamoja na wengine waliosikia kwamba mji umetulia. Karatasi ilikwenda nayo, ndani ya mfuko wa plastiki, kwa Kireno. Muuguzi atakayeifungua huko atasoma mstari mmoja, na ataamua mwenyewe kama alisome neno la kwanza au la pili.